Usinga, Sindano na Maji: Vitu vya Kushinda Kifo, Hadithini na Vitani

Mhadhara kwa wazee, walimu na vijana wa Nyakabere

 

Mada niliyopewa inahusu vitu vya ajabu katika hadithi za kubuni, vile ambavyo mtu akivipata hujiona bwana wa kifo. Vijana wengi wanavijua kupitia filamu. Mwaka 2007 mwandishi Mwingereza J. K. Rowling alitoa kitabu cha saba na cha mwisho cha Harry Potter, na ndani yake mna kisa cha ndugu watatu waliovuka mto wa hatari kwa uchawi wao. Kifo akakasirika kuona wamemponyoka, akajifanya mkarimu na kuwapa zawadi. Wa kwanza alichukua fimbo isiyoshindwa, akajigamba nayo, na usiku uleule akachinjwa usingizini. Wa pili alichukua jiwe la kurudisha wafu, akamrudisha mchumba wake, lakini mchumba alikuja na huzuni ya mtu asiye wa hapa, na yule ndugu akajiua ili amfuate. Wa tatu aliomba joho la kujificha. Akaishi hadi uzeeni, akalivua, akamwachia mwanawe, akaondoka na Kifo kama mtu na rafiki yake.

Kisa hicho ni kizuri, nami sina ugomvi nacho. Ila atakayetaka kulijua jambo hili kwa undani, sisi wa bonde la Ruzizi na mwambao wa Tanganyika hatuna haja ya kumpeleka Uingereza. Tuna hadithi zetu za vitu vya kushinda kifo. Zaidi ya hapo, tuna historia ya vitu hivyo kutoka hadithini na kukabidhiwa vijana waende navyo mbele ya bunduki. Nchi zilizopitia mambo yote mawili ni chache. Basi leo nitaviweka vitu vitatu mezani, usinga, sindano na maji, kisha niseme vinatofautiana wapi.

Tuanze na usinga.

Kaskazini yetu, katika misitu ya Walikale, wanaishi Wanyanga. Mwaka 1956 mtafiti Mbelgiji Daniel Biebuyck alimsikiliza huko msimulizi aliyeitwa Candi Rureke, ambaye aliimba, akacheza na kusimulia habari za Mwindo kwa siku kumi na mbili. Biebuyck na mwanazuoni Mnyanga, Kahombo Mateene, wakaiandika kazi hiyo na kuifasiri, nayo ikachapishwa Marekani mwaka 1969. Leo inasomwa katika vyuo vikuu vingi duniani, na huku kwetu kuna mwalimu wa fasihi ambaye hajawahi kuiona.

Mwindo alizaliwa mahali pabaya. Baba yake, chifu Shemwindo wa Tubondo, alikuwa ameamuru wake zake wote wazae wasichana tu, atakayezaliwa mvulana auawe. Mwindo akazaliwa anatembea na kusema, mkononi ana usinga wa mkia wa nyati. Baba akamrushia mikuki, akamzika mzima, akamfungia ndani ya ngoma na kumtosa mtoni. Mtoto hakufa. Akaenda hadi kwa shangazi yake Iyangura, aliyekuwa ameolewa na Mukiti, joka la majini. Wajomba zake wakamfua kwa chuma. Akarudi Tubondo kudai haki yake, Radi akaupiga mji, nao ukateketea na watu wake. Shemwindo akakimbilia kuzimu.

Hapo ndipo napenda tusimame kidogo. Mwindo anapoamua kumfuata baba yake chini ya ardhi, anachukua kamba na kumpa shangazi yake ncha moja. Anamwambia kwamba kamba ikiacha kutikisika, ajue yeye amekufa. Kisha anateremka. Mlangoni anamkuta Kahindo, binti wa Muisa mwenye kuzimu, amejaa vidonda vya buba. Mwindo anamwosha vidonda, naye Kahindo anamwonya: baba akikupa kiti, usikalie, akikupa pombe ya ndizi, usinywe, akikupa chakula, usile. Mwindo anafuata. Muisa anampa kazi zisizowezekana, apande shamba la migomba na kulivuna siku hiyohiyo, kisha akarine asali. Mwindo anapokaribia kushinda, Muisa anatuma mkanda wake wa simbi, unampiga Mwindo hadi anaanguka. Huku juu kamba inatulia. Shangazi analia. Halafu usinga unanyanyuka wenyewe, unampiga Mwindo, na Mwindo anaamka. Kamba inatikisika tena mkononi mwa Iyangura.

Msikilizaji wa haraka atasema kwamba kitu hiki kinashinda kifo, basi yamekwisha. Lakini msimulizi hakuishia hapo. Mwindo anampiga Muisa mpaka anakufa, halafu anamfufua. Anamkamata baba yake, halafu hamuui. Anarudi naye nyumbani, wanagawana utawala. Shangazi anamwomba awafufue watu wa Tubondo waliokufa vitani, na usinga unafanya kazi hiyo. Nguvu ya kifo na uhai iko mikononi mwa kijana mmoja, na kila anapotaka kuitumia kwa hasira yuko mtu karibu wa kumwambia neno, na mara nyingi mtu huyo ni mwanamke.

Baadaye Mwindo anamuua Kirimu, joka la msituni, bila kujua kwamba lilikuwa na urafiki na Radi. Radi anampandisha angani. Mwaka mzima Mvua, Mwezi, Jua na Nyota wanampitisha katika baridi na joto, wanamkemea kwa kujigamba kwake, na usinga haumwokoi. Anaporudi duniani anakuwa chifu kweli kweli. Anatoa sheria: limeni mazao mengi, kaeni katika nyumba nzuri, msigombane, msimcheke mlemavu, msimtamani mke wa mwenzenu. Baada ya kufufua watu na kumuua joka, hadithi inaishia kwenye kilimo na adabu. Mnyanga aliyeitunga alijua alichokuwa akifanya. Kitu cha ajabu kilimfikisha Mwindo kwenye kiti; lililomfanya astahili kukikalia ni mwaka ule wa angani, alipokuwa na usinga na bado akateseka.

Sasa sindano.

Huko pwani, pande za Pate na delta ya mto Tana, watu humsimulia Fumo Liongo, shujaa na mshairi mkubwa. Edward Steere alichapisha masimulizi yake London mwaka 1870, na mwaka 1913 Muhammad Kijumwa wa Lamu akamwandikia utenzi. Liongo hakuuawa kwa mkuki wala mshale. Kilichoweza kumuua kilikuwa kimoja tu, sindano ya shaba ichomwe kitovuni. Siri hiyo aliijua yeye peke yake. Adui zake wakamwendea mwanawe, wakamwahidi mke na ukubwa, na mwana akamwuliza baba. Liongo akatambua kwamba ametumwa. Hata hivyo alimwambia, kwa kuwa alikuwa mwanawe. Akachomwa akiwa amelala.

Akaamka, akachukua upinde wake, akaenda hadi kisimani, akapiga goti, akatia mshale na kuvuta, kisha akafa akiwa vilevile. Watu hawakuthubutu kusogea kuteka maji. Walidhani yu hai. Mama yake aliitwa amtulize, naye akaja kwa siku kadhaa na kumwimbia, mpaka mwili ukaanguka. Na mwana aliyemsaliti hakupata mke wala ukubwa.

Tazameni kisa hiki kilivyoundwa. Kinga ya Liongo ina tundu moja, na tundu hilo tunalijua kabla ya sindano kuingia. Tunamwona anayeuliza, tunamwona anayejibu, tunajua nani alilipwa na kwa ahadi gani. Liongo anapokufa, hakuna msikilizaji anayeweza kusema kwamba kosa lilikuwa la Liongo. Kosa lina mwenyewe.

Kitu cha tatu ni maji, na hapa tunatoka hadithini.

Mwaka 1905, kusini mwa Tanganyika ya Wajerumani, mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aligawa maji kwa watu waliochoshwa na kulimishwa pamba kwa nguvu, kodi na viboko. Waliambiwa kwamba maji hayo yangegeuza risasi ziwe maji. Yaliunganisha makabila ambayo hayakuwahi kupigana upande mmoja, na hilo si jambo dogo. Lakini tarehe 30 Agosti 1905, huko Mahenge, maelfu ya Wambunga na Wapogoro walilivamia boma mbele ya bunduki za rashasha, nao wakakatwa kama majani. Kinjikitile mwenyewe hakuwepo. Wajerumani walikuwa wamekwisha kumnyonga huko Mohoro, mapema mwezi huohuo. Mwenye maji alikufa kwa kamba, na maji yakaendelea kutembea vijijini hadi 1907, katika vita vinavyoitwa vya Maji Maji. Makadirio ya waliokufa yanaanzia 75,000 na kufika 300,000, wengi wao kwa njaa, kwa sababu Wajerumani walichoma mashamba na ghala.

Ebrahim Hussein aliandika tamthilia ya *Kinjeketile* mwaka 1969. Ndani yake mganga anatambua kwamba neno alilolitoa limemponyoka, limekuwa kubwa kuliko yeye, na hawezi tena kulirudisha. Nadhani hakuna kazi ya Kiswahili inayotuhusu watu wa Uvira kuliko hiyo, ingawa aliyeiandika hakuwa akituwaza sisi.

Maana miaka mitano kabla ya tamthilia hiyo maji yalifika hapa. Wazee mlioko mbele yangu mliviona vita vya Mulele, au mliwasikia waliokuwamo. Mwaka 1964 Wafuliru na Wavira wa bonde hili waliinuka, Musa Marandura akiwa miongoni mwa viongozi wao. Gaston Soumialot aliongoza uasi upande huu wa mashariki, na mwezi wa Mei Uvira ikaanguka. Walikuwa na sababu. Uhuru wa 1960 ulikuwa haujawaletea kitu, Lumumba alikuwa ameuawa mwaka 1961, na askari wa serikali walikuwa mzigo kwa raia. Nasema hivi ili kijana asidhani watu walikwenda vitani kwa sababu ya dawa. Walikwenda kwa sababu ya dhuluma, na dawa ikafuata.

Dawa ilikuwaje? Mpiganaji alichanjwa, akapakwa, akanyunyiziwa maji yenye mitishamba. Akapewa miiko: asiguse mwanamke, asiibe, asigeuke nyuma, asiogope. Kisha akasonga mbele akiita jina, "Mai Mulele!", risasi zigeuke maji. Mwanzoni dawa ilifanya kazi, tena sana. Askari wa serikali nao waliiamini. Walisikia makelele yanakuja, wakatupa silaha na kukimbia kabla ya kurusha risasi. Miji mikubwa ilitekwa namna hiyo. Iliposhindwa ni pale walipokuja mamluki na marubani ambao hawakujua Mulele ni nani.

Na Mulele mwenyewe? Pierre Mulele alikuwa akiongoza uasi Kwilu, magharibi, mbali kabisa na hapa. Mwaka 1968 alirudi Kinshasa kutoka Brazzaville akiwa ameahidiwa usalama, na Oktoba hiyo akauawa. Jina lililokuwa likigeuza risasi halikumkinga mwenye jina.

Ushahidi mmoja ulitoka kwa mgeni. Aprili 1965 Ernesto Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma hadi Kibamba, upande wa Fizi, akawa na wapiganaji wa huku hadi Novemba. Katika kumbukumbu zake aliandika juu ya dawa kwa makini kuliko wengi. Aliona kwamba mpiganaji akifa, hawasemi kwamba dawa imeshindwa. Wanasema aliogopa, au aliiba, au alilala na mwanamke. Na marehemu hayupo kukana. Baada ya shambulio la Bendera mwishoni mwa Juni 1965, lililokwenda vibaya sana, lawama zilimwangukia mganga: alikuwa dhaifu, dawa yake haikutosha. Lililotafutwa ni mganga bora zaidi. Dawa yenyewe haikufikishwa mahakamani hata siku moja.

Jambo hili halikuishia 1965. Huko Uganda, Alice Auma, aliyejulikana kwa jina la Lakwena, aliwapaka wafuasi wake mafuta na kuwapa orodha ya miiko, akawaongoza hadi karibu na Jinja mwaka 1987, ambako walishindwa vibaya. Huku Kivu, tangu miaka ya 1990, makundi ya Mai-Mai yamebeba jina la maji na miiko yake, na watoto wamekuwa miongoni mwa waliotiwa maji hayo.

Sasa nifike kwenye ninalotaka kusema.

Watu wengi hudhani tofauti kati ya hadithi na vita ni kwamba hadithini uchawi unafanya kazi na vitani haufanyi. Hiyo ni tofauti ya juu juu. Tofauti kubwa iko kwenye mwiko. Kila kitu cha kushinda kifo kina mwiko wake, na kote huko mwiko hutajwa mapema. Swali ni nani anayeshuhudia ukivunjwa. Kahindo alimwambia Mwindo asikalie kiti, nasi tukamwona hakukalia. Tulimsikia Liongo akiitaja sindano, na tukajua imetoka kwake kwenda kwa nani. Msimulizi anatuweka sote kuwa mashahidi. Vitani mwiko unavunjwa gizani, bila shahidi, na ushahidi pekee wa kuvunjwa kwake ni maiti. Amekufa, basi alivunja. Ni daftari la madeni ambalo mwenye duka peke yake ndiye anayeliandika, na mdeni anaonyeshwa hesabu yake akiwa amekwisha kuzikwa.

Ndiyo maana dawa ya vitani haiwezi kushindwa kamwe. Aliyepona ni ushahidi wake, na aliyekufa pia ni ushahidi wake. Ubaya wake mkubwa uko hapo, hata kuliko risasi. Risasi inamchukua kijana mara moja. Maneno ya baadaye yanachukua na jina lake. Mama aliyempoteza mtoto anaambiwa, tena mbele za watu, kwamba mtoto wake alikuwa mwoga au mzinzi au mwizi. Iyangura angalau alishika kamba, akaona imetulia, akalia bila mtu kumkataza, wala hakuna aliyemwambia kwamba mpwa wake alijitakia.

Wako watakaosema kwamba hadithi ndizo zilizoanzisha ubaya huu: tusingewasimulia watoto habari za usinga unaofufua, wasingeyaamini maji. Nimelifikiria sana jambo hilo, na sikubaliani nalo. Aliyeisikiliza hadithi ya Mwindo hadi mwisho alifundishwa kuuliza mambo ambayo makamanda hawapendi kuulizwa. Mwenye kitu hiki ni nani? Mwiko wake umetajwa na nani, naye anafaidika na nini? Nani ameshika ncha nyingine ya kamba? Ukivunjwa, nani ataona? Hatari iko kwenye hadithi iliyokatwa katikati. Mwambie kijana kwamba usinga unafufua, umfiche mwaka wa angani na sheria za mwisho, na hapo utakuwa umemwandaa kwa ajili ya maji.

Kwa hiyo, walimu, naomba Mwindo afundishwe darasani Uvira na bondeni, mzima, hadi kwenye sheria zile za kilimo. Ifundisheni na *Kinjeketile* mkiilinganisha na 1964. Wanafunzi wenu wanaona kwamba vita vya Maji Maji viko mbali, kumbe babu zao walipita njia hiyohiyo kwenye barabara ya Uvira.

Vijana mnaotaka kuandika hadithi za ajabu, andikeni. Tungeni fimbo, pete, ngoma, chochote mtakacho. Lakini msomaji wenu aujue mwiko kabla ya mhusika kufa, na auone ukivunjwa. Mwenye kitu apimwe mahali ambapo kitu chake hakimsaidii. Ukimwacha shujaa wako ashinde kila mara kwa sababu ana kitu, utakuwa umeandika tangazo la mganga, hata kama lugha yako ni tamu.

Na wazee wetu, ombi langu la mwisho ni lenu. Katika bonde hili mna nyumba ambamo kijana aliondoka mwaka 1964 au 1965, akachanjwa, akaita jina la Mulele, na hakurudi. Wengine hawana kaburi. Wengine wamebaki na ile kauli tu kwamba alivunja mwiko. Tajeni majina yao, wajukuu wenu wayaandike kwenye daftari: jina, kijiji, jina la baba na mama, mahali alipoonekana mara ya mwisho. Msiandike alikosa nini, kwa sababu hakuna aliyemwona akikosa. Andikeni kwamba alikufa kwa risasi, maana ndiyo kweli.